Mbona mzee Steve Cropper hapigi solo kwenye Fire It Up?

Swali limetoka kwa kijana wa Mwanza anayejifunza gitaa, nalifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Steve Cropper alipofariki Desemba 2025 niliona watu wengi wanamwita gwiji wa gitaa la soul, nikaenda kutafuta albamu yake ya uzeeni, Fire It Up ya mwaka 2021. Nimeisikiliza mara tatu nzima na sijasikia hata solo moja ya kunishtua. Je, mzee alikuwa keshachoka, au watu wanamsifia kwa heshima tu? Na mimi kama mwanafunzi nianze mazoezi na albamu hiyo?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza maswali matatu ila kwa kweli ni swali moja tu, na nimefurahi umeuliza bila kuzunguka maana wengi wanaona aibu kusema hawajaelewa kinachosifiwa. Mimi nimepiga gitaa la ridhimu, lile la kushika mwendo, kwenye bendi za dansi kwa miaka mingi, yaani yule jamaa anayesimama nyuma karibu na dramu ambaye kwenye picha ya bendi anatokea nusu bega, kwa hiyo nakiri mapema kwamba kwa Cropper nina upendeleo. Ila nitajitahidi kuwa mkweli, kwa sababu hiyo albamu ina kasoro na wewe umezisikia, umekosea tu mahali pa kuelekeza lawama.

Hujamsikia kwa sababu ulikuwa unamtafuta sehemu ambayo hajawahi kukaa maisha yake yote. Wewe umelelewa na gitaa la solo, na sikulaumu, sisi huku mpiga solo ndiye anatuzwa, ndiye watu wanamtaja jina, mpiga ridhimu analipwa mwisho na hela ikibaki. Cropper ni mpiga ridhimu aliyepata umaarufu wa mpiga solo bila kupiga solo. Nenda kwenye Green Onions ya bendi yake, Booker T. & the M.G.'s, 1962, wimbo ambao mpiga kinanda alikuwa na miaka 17 na wote wanne walikuwa wanajipigia tu studio, leo hauna redio ya muziki wa zamani isiyoujua. Gitaa linafanya nini pale? Linakaa kimya, halafu linachoma. Kimya, halafu linachoma. Hata pale anapopewa nafasi yake ya solo anapiga noti chache kavu zenye makali utafikiri analipia kila moja.

Sasa huyu mtu katoka wapi, kwa ufupi maana bila hili hutaelewa albamu. Alizaliwa Missouri, Marekani, Oktoba 1941, familia ikahamia Memphis akiwa na miaka tisa. Stax, kampuni ya kurekodi muziki iliyomtoa, ilikuwa ndani ya jumba la sinema la zamani Mtaa wa McLemore, sakafu bado ina mteremko kama sinema zilivyokuwa, na pale mbele palipokuwa pakiuzwa bisi wakafungua duka la sahani za santuri. Cropper aliwahi kuuza kwenye duka hilo. Mimi naona hapo ndipo shule yake ilipokuwa, zaidi ya gitaa lenyewe, kwa sababu muuza duka anaona mteja anasimama kwenye sekunde ya ngapi, anaona kipi kinamfanya atoe hela na kipi kinamfanya aseme ngoja nizunguke kwanza. Mtu wa namna hiyo hawezi kukupigia noti arobaini wakati tatu zinatosha kuuza.

Halafu usisahau hii ilikuwa Memphis ya ubaguzi, na bendi ilikuwa weusi wawili na weupe wawili wanakaa chumba kimoja kutwa nzima. Kulikuwa na hoteli ndogo inaitwa Lorraine Motel ambapo waliweza kukaa pamoja na kutunga, hapo ndipo Cropper na mwimbaji Wilson Pickett walitunga In the Midnight Hour mwaka 1965, hapohapo yeye na mwimbaji Eddie Floyd wakatunga Knock on Wood usiku wa radi. Ndiyo hoteli ileile Martin Luther King alipouliwa Aprili 4, 1968. Ukitaka kujua kwa nini ile kampuni haikuwa tena vilevile baada ya hapo, anzia hapo, mimi niende kwenye gitaa.

Chukua gitaa lako sasa hivi. Midnight Hour, ule mwanzo wa tarumbeta, kodi zake (za gitaa, yaani noti kadhaa kwa pamoja, sio zile za TRA) zinashuka hivi: D, B, A, G, halafu unatua E. Cropper mwenyewe alikuwa anasema alifuata tu vidoti vilivyowekwa kwenye shingo ya gitaa. Sasa zigeuze, anza chini ukipanda: E, G, A, B, D. Umepata nini? Knock on Wood! Kaugeuza wimbo wake mwenyewe kichwa chini miguu juu akapata hiti nyingine mwaka uliofuata. Kodi zote ni meja tupu, aina ile yenye sauti angavu, umbo lilelile la mkono linasogea tu, mtoto wa wiki mbili kwenye gitaa anaweza. Na Dock of the Bay aliyotunga na mwimbaji Otis Redding ni hivyohivyo, G, B, C, A, zote meja, kitu ambacho mwalimu wa nadharia angekuchapa nacho rula maana hizo B na A "hazitakiwi" kuwa meja pale. Ila zikiwa hivyo wimbo unapata ile huzuni isiyolia. Otis alikufa kwenye ajali ya ndege Desemba 10, 1967, siku tatu tu baada ya kuwa studio na wimbo huo, na aliyeachiwa kazi ya kuumiksi ni Cropper, akaweka sauti za mawimbi, huku maiti ya rafiki yake haijapoa. Sikiliza majibu ya gitaa kila Otis anapomaliza mstari. Hakuna hata moja linalomkanyaga.

Na hapo ndipo ilipo siri yote kaka. Cropper anajibu. Mwimbaji anasema kitu, gitaa linasema "ehee", kama vile unaongea na shangazi yako kwenye simu. Kwenye Soul Man ya Sam & Dave ya 1967 mmoja wa waimbaji hao wawili anampigia kelele kabisa "Play it, Steve!", na anachopiga Steve ni kijisentensi kifupi cha kuteleza, tena alitelezesha kiberiti cha Zippo juu ya nyuzi kwa sababu hakuwa na kile kibomba maalumu cha kutelezeshea. Sekunde mbili hazifiki. Watu wamekumbuka hizo sekunde miaka hamsini na zaidi, hebu niambie solo gani ya dakika tatu unayoikumbuka tangu juzi.

Kitaalamu anachofanya mara nyingi ni nyuzi mbili kwa pamoja kwa kuruka mmoja wa katikati, tuseme uzi wa tatu na wa kwanza, vidole viwili vinapanda na kushuka sambamba. Ukipiga hivyo taratibu utashtuka, utasema mbona hii naijua, kwa sababu wapiga gitaa wa rumba na dansi wanaishi humohumo, tofauti ni kwamba wa kwetu wanazimimina kama mvua ya masika na Cropper anadondosha tone. Gitaa lake maarufu ni aina ya Telecaster, anatumia pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) ya nyuma iliyo karibu na daraja, sauti kali kama ndimu, na siku za Green Onions ampu yake, yaani kikuza sauti, ilikuwa Fender Harvard ndogo tu unayoweza kubeba mkono mmoja ukapanda nayo daladala.

(Naingiza hili kwa vile wengi hawajui: huu muziki haukuwa mgeni hapa kwetu hata kidogo. Vijana wa Dar waliucheza sana miaka ya sitini, hadi mwaka 1969 uongozi wa mkoa ukaupiga marufuku muziki wa soul, ukaonekana unaharibu vijana. Kwa hiyo babu yako anaweza kuwa anamjua Cropper kuliko wewe, muulize kwa upole.)

Haya, tuje kwenye Fire It Up. Ilitoka Aprili 2021, Cropper ana miaka 79, kwenye lebo ya Provogue ya Uholanzi. Mwimbaji ni Roger C. Reale, prodyuza mwenzake ni Jon Tiven ambaye anapiga vitu vingi humo ndani, na ikafika kwenye uteuzi wa Grammy upande wa bluzi za kisasa. Tuzo akachukua Kingfish Ingram, kijana wa Mississippi ambaye kwa umri angekuwa mjukuu wa Cropper, na kwa maoni yangu ilikuwa haki. Ilitangazwa kama albamu yake ya kwanza "halisi" ya peke yake tangu 1969. Hapo mimi huwa nacheka, kwa sababu alitoa nyingine 1981 na 1982, ukisema hazihesabiki basi sema tu hukuzipenda. Halafu 2008 na 2010 alitoa mbili na mwimbaji Felix Cavaliere, na 2011 akatoa Dedicated, ya kuwaenzi kundi la The 5 Royales na mpiga gitaa wao Lowman Pauling aliyemfundisha kwa mbali akiwa kijana. Kwa hiyo mzee hakuwa amelala mahali popote.

Alikuwa keshachoka? Hapana. Nakuambia hivyo nikiwa na hedfoni kichwani sasa hivi. Mkono wa kulia ndio unaotangulia kuzeeka kwa mpiga ridhimu, unaanza kuchelewa au unaanza kukimbia ukitafuta kumaliza, na wa kwake humo ndani haujachelewa wala kukimbia. Sikiliza Bush Hog, ipo mara tatu kwenye albamu, sehemu ya kwanza inafungua, ya pili na ile nzima zinafunga. Haina mwimbaji. Bush hog ni mashine ya kufyekea vichaka inayovutwa na trekta, na wimbo wenyewe unatembea hivyohivyo, unasonga tu mbele unakata. Pale ndipo gitaa lake limekaa wazi unaliona hadi kucha. Hapo kama mtu atasema mzee kachoka nitamwomba anipigie yeye nisikie.

Tatizo liko katikati, kwenye nyimbo zenye mwimbaji. Na hapa ndipo nakupa haki yako. Reale ana sauti nzuri, ya kukwaruza, sauti ya mtu aliyekesha baa, sina ugomvi naye. Ila anaimba akijaza kila kona. Na muziki wenyewe umejazwa, saksafoni ipo, kinanda kipo, gitaa juu ya gitaa, kila tundu limezibwa. Sasa fikiria: mtu ambaye kazi yake ya maisha ni kujibu, unampa mwimbaji asiyepumzika, atajibu saa ngapi? Ndiyo maana hujamsikia. Yupo, anapiga vizuri kabisa, ila ni kama mtu mwenye busara kwenye kikao cha harusi ambacho kila mtu anashika maiki. Solo zipo pia, fupi, zimebanwa, zinapita kabla hujageuza shingo.

Kule Stax miaka ya mwanzo walikuwa wanarekodi wote kwa pamoja chumba kimoja, mwimbaji anamwona mpiga dramu, gitaa linamwona mwimbaji anavuta pumzi. Ile pumzi ndiyo ishara. Al Jackson mpiga dramu wao na Cropper walikuwa wanachelewesha pamoja lile pigo la pili na la nne, pale snea (dramu ndogo yenye mlio mkali) inapolia, wanalichelewesha kidogo sana, unywele tu. Waliokota tabia hiyo walipokuwa wanarekodi Midnight Hour, baada ya Jerry Wexler, mmoja wa wakubwa wa kampuni ya Atlantic, kuingia studio na kuwachezea mtindo wa dansi uliokuwa unatamba wakati ule. Tajiri mzima anakata kiuno mbele ya wafanyakazi ili dramu ielewe! Sasa kitu kama hicho hukipangi kwenye kompyuta, kinatoka kwa watu wawili wanaoangaliana miaka nane. Al Jackson aliuawa 1975. Duck Dunn mpiga besi alifariki Tokyo Mei 2012, wako ziara moja na Cropper. Kwa hiyo ukisikiliza Fire It Up unasikiliza mtu ambaye nusu ya sentensi zake zilikuwa zinamaliziwa na watu ambao hawapo tena. Dramu zinapigwa vizuri humo, kuna wapiga dramu wenye majina makubwa, ila hakuna wa kuchelewesha naye.

Hii nimeipata mwenyewe kwa ukubwa mdogo. Mpiga besi niliyepiga naye miaka kumi na moja alipoacha muziki akaenda kulima, aliyekuja baada yake alikuwa fundi kumzidi, kila mtu alisema bendi imepanda. Mimi nikawa siku zote nafika nyumbani mkono unauma. Nilikuwa nasukuma peke yangu kitu kilichokuwa kinasukumwa na wawili, wala yule kijana hakuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo nikiipima albamu naiweka hivi: Bush Hog zote tatu, weka kwenye simu yako. One Good Turn, weka, kwa sababu wimbo umetulia na nafasi zimeonekana, sikiliza gitaa linavyoingia pembeni bila kubisha hodi. Fire It Up yenyewe ni ya kuchangamsha gari safarini. Zilizobaki nyingi zinafanana sana kiasi kwamba simu yangu ikichanganya mpangilio sijui hata nimefika wapi. Sio albamu mbaya. Ni albamu ya kawaida yenye mpiga gitaa asiye wa kawaida, na waliomsifia kuliko inavyostahili walikuwa wanalipa deni la mwaka 1965, kitu ambacho mimi nakielewa kabisa ila kwa mwanafunzi kinachanganya.

Tena kama unataka uzeeni kwake, ingia Friendlytown ya Agosti 2024, ana miaka 82, kaiandika kwa jina la Steve Cropper & The Midnight Hour. Billy Gibbons yule wa bendi ya ZZ Top mwenye ndevu yupo karibu albamu nzima, na Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, kaingia kwenye wimbo mmoja, Too Much Stress. Ni roki zaidi kuliko soul, na utapata solo zako unazozitaka, ila wengi wanaozipiga ni wageni! Mwenye nyumba kakaa kwenye kiti chake cha nyuma anawapigia ridhimu. Nilipoisikia mara ya kwanza nilicheka peke yangu jikoni hadi mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Hiyo nayo iliteuliwa Grammy, na nayo haikupata. Aliwahi kupata mbili kabla, moja ya Dock of the Bay na nyingine ya miaka ya tisini na M.G.'s.

Sasa mazoezi. Usianze na Fire It Up, utajifunza kuzoea kelele. Weka In the Midnight Hour, ile ya Pickett. Usipige kodi zote, usipige mwanzo, usipige chochote cha kujionesha. Bonyeza kodi, na kila snea inapolia, pigo la pili na la nne, wewe kata nyuzi mara moja, chap, halafu legeza vidole sauti ife hapohapo. Wimbo mzima. Ni dakika mbili na nusu hivi, na nakuhakikishia dakika ya kwanza haitaisha mkono wako haujaanza kutamani kuongeza vikorombwezo. Usiongeze. Jirekodi kwa simu ukae usikilize: utakuta unawahi. Karibu kila mtu anawahi, mimi niliwahi miaka miwili mizima kabla mzee mmoja wa bendi yetu hajaniambia mbele ya watu kwamba ridhimu yangu inakimbia kama mtu anadaiwa.

Ukishaweza kukata bila kuwahi, wiki ya pili nenda Dock of the Bay, hapo usipige kodi kabisa. Kaa kimya, subiri Otis amalize mstari, halafu jibu kwa nyuzi mbili, uzi wa tatu na wa kwanza kama nilivyosema juu, noti tatu au nne, nyamaza kabla hajarudi. Akirudi wewe bado unapiga, umekosea, rudia mwanzo. Halafu wiki ya tatu ndiyo urudi Bush Hog na uniambie kama bado husikii kitu. Kama mwendo unakushinda, kwenye YouTube kuna sehemu ya kupunguza spidi, weka 0.75, na tumia spika ya nje au hedfoni zenye besi, sio ile ya simu yenyewe, maana bila kusikia besi hutajua unatakiwa kuchelewa kiasi gani.